Kukiri kwa makubaliano au kesi isikilizwe? La kuangalia kabla ya kusaini katika mahakama ya Marekani

Simu za namna hii huja asubuhi. Mtu yuko kwenye korido ya mahakama ya kaunti, anaongea kwa sauti ya chini: "Kaka, wakili amekuja na karatasi. Anasema nikikubali kosa narudi nyumbani leoleo. Nikikataa, kesi itasikilizwa na naweza kufungwa. Jaji anatuita saa tano. Nifanyeje?"

Aliyenipigia siku hiyo alikuwa ameshtakiwa kwa shambulio la nyumbani. Ugomvi wa usiku na mkewe, jirani akaita polisi, polisi wakaondoka naye. Ofa iliyokuwa mezani: akiri, alipe faini, apewe kifungo cha nje miezi 12 (probation, yaani kuangaliwa na mahakama akiwa nyumbani), asilale jela hata siku moja. Ukiisoma haraka unamwambia asaini. Mimi nilimwambia asisaini, na nitaeleza kwa nini.

Mimi si wakili, na ninayoandika hayachukui nafasi ya wakili. Nimesimama tu kwenye korido hizo na ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, nikaona wanavyobanwa na saa. Wapo waliosaini kabla chai haijapoa, kisha miaka kadhaa baadaye wakazuiwa uwanja wa ndege wakirudi kutoka kumzika mama.

Lango kuu

Makubaliano ya kukiri kosa si jambo geni kwetu. Kenya iliyaweka kwenye sheria mwaka 2008, Tanzania mwaka 2019. Ila kwetu ni mlango wa pembeni, na Marekani ndiyo lango kuu. Mwaka 2012, katika kesi ya Missouri dhidi ya Frye, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja hesabu hii: katika kila watu 100 wanaotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho, 97 wamekiri wenyewe, kwenye mahakama za majimbo, 94. Mwaka wa fedha 2018 mahakama za shirikisho zilimaliza mashauri ya washtakiwa karibu 80,000. Asilimia 90 walikiri, asilimia 8 kesi zao zilifutwa, na asilimia 2 tu ndio waliosikilizwa. Walioshinda baada ya kusikilizwa walikuwa 320.

Kwa hiyo wakili akikuletea ofa, usidhani ameshakuhukumu moyoni, wala usidhani amenunuliwa. Kuleta ofa ni wajibu wake. Katika kesi hiyohiyo ya Frye, wakili hakumwambia mteja wake kuwa kuna ofa, na mahakama ikasema amekosea, kwa sababu haki ya kuwa na wakili mwenye kujua kazi inahusu pia mazungumzo haya.

Hapa kuna mtego wa lugha ambao umewaponza wengi. Asiye na uwezo wa kulipa hupewa wakili bure. Haki hiyo ilithibitishwa mwaka 1963 baada ya Clarence Earl Gideon, mfungwa wa Florida aliyeshtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa puli, kuiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli akiwa gerezani. Alipopewa wakili na kesi kusikilizwa upya, aliachiwa. Sasa watu wetu humwita huyo wakili wa kupewa "wakili wa serikali". Nyumbani, Wakili wa Serikali ni yule anayekushtaki! Mtu anaingia ofisini kwake akiamini kuwa ameketi na adui, anaficha nusu ya habari, anaitikia tu. Tuseme "wakili wa kupewa". Ni wakili wako, siri zako ziko salama kwake, na mara nyingi anawajua waendesha mashtaka na majaji wa kaunti hiyo kuliko wakili wa kulipwa kutoka mji mwingine. Tatizo lake ni mafaili mengi na muda mchache, si kwamba yuko upande wa pili.

Adhabu: hapa ofa inashinda

Ukipima kwa siku za kifungo peke yake, kukiri karibu daima ni nafuu. Mfumo umejengwa hivyo. Katika mahakama za shirikisho, mwongozo wa adhabu unampunguzia ngazi mbili au tatu anayekubali wajibu wake, na ngazi hizo ni miezi, wakati mwingine miaka. Anayetaka kesi isikilizwe kisha akashindwa hulipa tofauti hiyo.

Mfano mkali ni wa Paul Hayes wa Kentucky. Alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30. Mwendesha mashtaka alimwambia: kiri, nitaomba miaka mitano, ukinipeleka kwenye kusikilizwa, nitakushtaki kama mhalifu sugu, kwa kuwa ulishatiwa hatiani mara mbili kwa makosa makubwa. Hayes alikataa, akashindwa, akapewa kifungo cha maisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mwendesha mashtaka hakuvunja katiba. Mimi naona uamuzi ule ni mbaya. Lakini ni sheria mpaka leo, na anayefikiria kukataa ofa lazima aujue. Muulize wakili wako waziwazi: nikikataa, wanaweza kuniongezea mashtaka gani?

Hayo ni kwa aliye nje kwa dhamana. Aliye ndani anapima kwa mizani nyingine kabisa. Kalief Browder alikamatwa Bronx, New York, mwaka 2010 akiwa na miaka 16, akituhumiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000, familia haikuweza. Alikataa ofa moja baada ya nyingine kwa sababu alisema hakuiba, hata ile ambayo ingemtoa siku hiyohiyo. Alikaa miaka mitatu kwenye jela ya kisiwa cha Rikers, muda mrefu akiwa peke yake kwenye seli ya upweke. Mwaka 2013 kesi ikafutwa bila kusikilizwa. Mwaka 2015 alijiua. Siandiki hili kumtisha mtu akiri. Naliandika ili familia ijue kwamba fedha ya kwanza kuchangisha ni ya dhamana. Mtu akishatoka, anaweza kufikiri juu ya ofa akiwa amelala kitandani kwake. Kampuni za dhamana kwa kawaida huchukua asilimia 10, na hiyo hairudi hata ukishinda. Ukiweza kuweka fedha yote mahakamani mwenyewe, inarudi ukitimiza tarehe zako, ingawa baadhi ya mahakama hukata ada na faini kabla ya kuirudisha.

Ushahidi: hapa kusikilizwa kunashinda

Ukienda kwenye kusikilizwa, mzigo wote ni wa serikali. Ithibitishe kila kipengele bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Wewe huna la kuthibitisha, unaweza kukaa kimya mwanzo hadi mwisho, na mwendesha mashtaka haruhusiwi kuliambia juri kwamba ukimya wako ni dalili ya hatia. Juri ni raia wa kawaida, mara nyingi 12, majimbo mengine huanzia 6. Tangu uamuzi wa Ramos dhidi ya Louisiana mwaka 2020, kwenye makosa mazito lazima wote wakubaliane katika kila jimbo. Mmoja akikataa katakata, hakuna hatia, ingawa serikali inaweza kuanza upya. Kwenye makosa madogo, ambayo kifungo chake hakizidi miezi 6, katiba haikuhakikishii juri. Huenda jaji akasikiliza peke yake. Uliza jimbo lako linasemaje.

Na ukiachiwa, umeachiwa. Kenya na Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kukata rufaa mtu akishaachiwa huru. Marekani hawezi. Juri likisema hana hatia, shtaka hilo limekufa mbele ya serikali hiyo.

Anayekiri anaacha yote haya kwa saini moja: juri, kuwahoji mashahidi, ukimya, na mara nyingi rufaa pia. Isitoshe, anaweza kusaini kabla ya kuona kila kitu. Tangu kesi ya Brady dhidi ya Maryland ya 1963, serikali inapaswa kumpa mshtakiwa ushahidi unaomsaidia. Lakini mwaka 2002, katika kesi ya Ruiz, Mahakama ya Juu ilisema kuwa kabla ya kukiri serikali hailazimiki kutoa habari za kuwaumbua mashahidi wake, mfano kwamba shahidi amelipwa au anajulikana kwa uongo. Habari hizo hutoka kesi inapokwenda kusikilizwa. Kwa hiyo kesi inayosimama juu ya maneno ya mtu mmoja, ofa ikaja mapema mno na kwa bei ya chini mno, jiulize kwa nini wana haraka. Kesi yenye video safi na kipimo cha pombe kilichochukuliwa sawasawa ni habari nyingine.

Uhamiaji: hapa mizani inapinduka

Kwa raia, yaliyotangulia yanatosha kuamua. Kwa mwenye grini kadi, mkimbizi, mwanafunzi au anayesubiri hifadhi, hayatoshi kabisa. Kwake jina la kosa lina uzito kuliko idadi ya siku.

Jose Padilla alizaliwa Honduras, akaishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, akatumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikuwa dereva wa lori. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi kwenye trela, na wakili wake akamwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri. Kosa alilokiri lilikuwa la kumrudisha Honduras moja kwa moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Kwa hiyo hili si ombi la hisani. Una haki ya kujibiwa.

Mwaka 2017 ikaja kesi ya Jae Lee, Mkorea aliyefika akiwa na miaka 13 na baadaye akafungua migahawa miwili Memphis. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito, na wakili alimhakikishia kuwa akikiri hatafukuzwa. Haikuwa kweli. Serikali ilisema kesi hii asingeshinda kwa vyovyote. Mahakama ikajibu kwamba kwa mtu ambaye maisha yake yote yako Marekani, kujaribu bahati hata ndogo sana ni jambo la akili, maana kukiri kulikuwa na uhakika wa kufukuzwa. Ikamruhusu kuondoa ukiri wake. Natamani kila wakili wa kaunti aikumbuke hoja hiyo anapobeba faili la mhamiaji.

Sasa angalia kwa karibu, kwa sababu mambo haya hayaonekani kwenye karatasi ya ofa.

Wizi au kosa la kutumia nguvu likipewa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, sheria ya uhamiaji inaliweka kwenye kundi baya kuliko yote, hata kama kifungo chote kimesimamishwa na hukuingia jela. Siku 365 ni mwaka. Siku 364 si mwaka. Siku moja hiyo imetenganisha familia nyingi kiasi kwamba jimbo la Washington lilibadilisha sheria yake mwaka 2011, California tangu 2015, na New York mwaka 2019, ili kosa dogo lisizidi siku 364. Kwenye majimbo mengine unapaswa kuiomba hiyo siku moja kwa mdomo wako.

Kosa lolote la dawa za kulevya ni hatari. Nafuu ya wazi ni moja tu: tukio moja la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yako. Na hata nafuu hiyo ni kwenye kufukuzwa. Ukisafiri kwenda Dar es Salaam na kurudi, swali la kuingia lina kanuni zake na ni kali zaidi. Jimbo kuhalalisha bangi hakubadilishi chochote, kwa sababu uhamiaji ni sheria ya shirikisho.

Ugomvi wa ndani ya nyumba, kuvunja amri ya kutomkaribia mtu, na ukatili au uzembe kwa mtoto ni makosa yenye kifungu chao cha kufukuzia. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Kwetu wazee hukaa, mke akasema nimesamehe, jambo likaisha. Marekani mshtaki ni serikali ya jimbo. Mke akifika mahakamani akilia kwamba hataki kesi, mwendesha mashtaka anaweza kuendelea bila yeye.

Jambo la mwisho ndilo linalowashangaza hata baadhi ya mawakili. Majimbo mengi yana mpango wa kuahirisha hukumu: kiri, kaa mwaka bila kosa, kesi itafutwa na rekodi itakuwa safi. Kwa mwajiri, huenda ni safi kweli. Kwa uhamiaji, ukishakiri mbele ya jaji na ukapewa sharti lolote la adhabu, umetiwa hatiani, hata kama jimbo limefuta baadaye. Hata kusema "sipingi shtaka" kunahesabiwa, na vilevile kukiri huku ukisema huna hatia, namna iliyokubaliwa katika kesi ya Alford ya mwaka 1970. Mpango usiokutaka ukiri mwanzoni ni salama zaidi.

Madereva wa malori nao wasikilize. Ukiwa na leseni ya kuendesha magari ya biashara (CDL), kanuni ya shirikisho inakataza jimbo kuficha au kuahirisha makosa yako ya barabarani. Mpango alioupata jirani yako mwenye leseni ya kawaida, wewe hautakulinda. Kuendesha ukiwa umelewa, hata kwenye gari lako la nyumbani siku ya mapumziko, kunakusimamisha mwaka mmoja. Mara ya pili unaweza kufungiwa maisha.

"Ndiyo, mheshimiwa"

Ukikubali ofa, jaji atakuuliza maswali kabla ya kuipokea. Kuna mtu amekutisha? Amekuahidi kitu kingine? Umepata muda wa kutosha na wakili wako? Umeelewa kwamba kama si raia unaweza kufukuzwa? Sisi tumelelewa kumjibu mkubwa "ndiyo". Nimesikia mtu akiitikia ndiyo kwa maswali kumi mfululizo, na kwenye korido akaniuliza: "Alikuwa anasemaje?" Kila ndiyo imerekodiwa. Baadaye ukidai hukuelewa, watakusomea.

Omba mkalimani hata kama Kiingereza chako kinatosha dukani, na mwambie wakili Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Bukavu amezoea avoka, parke na amandi. Mkalimani wa Mombasa atamwambia wakili, mwendesha mashtaka na faini, naye atabaki ameduwaa. Tena neno "nakubali" ni la hatari. Ukisema "nakubali nilikuwepo", hakikisha halijatafsiriwa kuwa umekubali kosa.

Uliza pia kama makubaliano yanamfunga jaji. Yako ya aina mbili: ambayo mwendesha mashtaka anapendekeza tu, na jaji anaweza kutoa adhabu kubwa zaidi bila wewe kuruhusiwa kujitoa, na ambayo jaji akiyapokea lazima ayafuate. Karatasi inafanana, uzito haufanani.

Mimi ningechagua vipi

Raia asiye na rekodi, ushahidi mzito, ofa ya kosa dogo bila jela: ningekubali, baada ya kuuliza athari kwenye leseni na kazi. Asiye raia aliyepewa ofa yenye neno dawa, nyumbani, mtoto, au wizi wa siku 365: nisingesaini siku hiyo kwa hali yoyote, hata kama mlango wa jela uko wazi. Kesi ya shahidi mmoja ambaye habari zake zinabadilika: ningeiacha isogee, kwani mashtaka mengi hulegea tarehe ya kusikilizwa ikikaribia. Na aliye ndani kwa dhamana asiyoimudu, ningemwomba wakili aombe dhamana ipunguzwe kabla ya kuzungumzia ofa yenyewe.

Kati ya kukiri na kusikilizwa kuna njia ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: kukiri kosa jingine. Mwendesha mashtaka anataka faili lifungwe na adhabu ionekane. Mara nyingi jina la kosa si kitu kwake. Kwako ndilo kila kitu. Wakili wa jinai akishirikiana na wakili wa uhamiaji, wanatafuta kifungu chenye adhabu ileile lakini kisichogusa orodha ya kufukuzwa. Ofisi nyingi za mawakili wa kupewa zina mtu wa uhamiaji ndani, au namba ya kumpigia.

Yule aliyenipigia asubuhi ile alimwambia wakili maneno niliyomsomea kwenye simu: "Mimi si raia. Naomba tarehe nyingine ili nipate ushauri wa uhamiaji kabla sijajibu ofa." Jaji alimpa wiki nne. Wakili wake alipiga simu mbili, akarudi kwa mwendesha mashtaka. Ofa iliyokuja mara ya pili ilikuwa na faini ileile, kifungo cha nje kilekile cha miezi 12, na darasa la kudhibiti hasira. Mstari wa shtaka ndio uliobadilika: kuvuruga amani, badala ya shambulio la nyumbani. Aliusoma mara mbili kwa kidole, neno kwa neno, mkalimani akiwa pembeni yake, ndipo akasaini.